Hoteli mpya Nungwi au nyumba ya kupanga Jambiani?

Mdogo wangu yuko Tabata, Dar es Salaam, ana mume na watoto wawili, na kila skuli zikikaribia kufungwa hunipigia simu kuniuliza jambo lile lile: "Dada, tunavuka. Tukae wapi?" Kwangu Mwanakwerekwe, huku Unguja, hataki, anasema akija kwangu likizo yake yote inaishia jikoni. Safari hii amenitumia na picha. Hoteli mpya ya ufukweni upande wa Nungwi, imefunguliwa juzijuzi, bwawa la buluu, mashuka meupe, bei ya ufunguzi.

Jibu ninalo, maana tulishalala hoteli ya aina hiyo, mpya hata rangi haijakauka vizuri, na miezi michache baadaye tukalala kwenye nyumba ya kupanga Jambiani. Kote siku mbilimbili, na watu walewale sita: mimi, mume wangu, mama yangu ambaye magoti yanamsumbua, na watoto wa miaka 12, 7 na 3. Jina la hoteli silitaji, wala la nyumba. Walichokosea pengine wameshakirekebisha, na nyumba za namna ile Jambiani ziko nyingi.

Tazama mwezi kabla ya kutazama bei

Nusu ya watu wanaorudi kuisifu au kuiponda hoteli huwa wanaisifu au kuiponda bahari. Mtu amekaa Jambiani au Paje, ameamka saa nne asubuhi, anakuta maji yamekimbia hata kilomita nzima, watoto wamevaa nguo za kuogelea wanatazama mchanga. Anaandika kwamba hoteli ile haifai. Hoteli ina kosa gani?

Pwani yote ya mashariki, kuanzia Matemwe, Pwani Mchangani na Kiwengwa, mpaka Bwejuu, Paje, Jambiani na Makunduchi, mbele yake kuna mwamba, na kati ya mwamba na ufukwe ni maji mafupi. Bahari ikipwa, panabaki madimbwi. Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi kina kiko karibu, kwa hiyo hata maji yakitoka, unateremka hatua chache unaogelea. Hiyo ndiyo sababu hoteli za kule ni ghali, na hoteli mpya ya kule inaanza ikiwa imeshabebwa na bahari.

Sasa kuna jambo wageni hawalijui lakini sisi tunalo ukutani, kwenye kalenda. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa saa nne au saa tano asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kiasi cha dakika 50. Kwa hiyo Idi ya Mfunguo Mosi, inayokuja na mwezi mwandamo, daima ni bamvua: ukiipeleka familia Jambiani sikukuu mosi, asubuhi nzima hakuna bahari, jioni ipo tele. Idi ya Mfunguo Tatu inaangukia siku ya kumi ya mwezi mwandamo, maji hujaa karibu na adhuhuri na yakitoka hayaendi mbali kama ya bamvua. Siku hizo Jambiani ni raha mustarehe, na mwamba unavunja mawimbi huko nje, mtoto anaoga kwenye maji yaliyotulia kama ya beseni.

Likizo ya Juni ni habari nyingine. Kusi linapiga upande wa mashariki, mchanga unaingia mpaka kwenye sahani, na pale Paje vijana wa tiara, wanaosimama juu ya ubao wakivutwa na upepo, wanapita majini kwa kasi ambayo mimi mtoto wangu wa miaka 3 simwachi hata mita kumi mbele yangu. Kendwa wakati huo kumetulia.

Upya wenyewe

Nisiwe mchoyo wa sifa. Hoteli mpya ina mambo yake. Godoro halijakaliwa na mtu, kiyoyozi kinagandisha kweli, mashine ya maji ya moto inafanya kazi, choo hakina ile harufu ya unyevu tunayoijua wewe na mimi. Wafanyakazi bado wana hamu. Mama aliomba uji wa pilipili manga siku ya kwanza, mpishi akamtazama kama kaulizwa hesabu. Siku ya pili asubuhi kijana mmoja akaja nao mezani, mzito kidogo, lakini ni uji, na akasimama pembeni kuona kama bibi ataupenda. Hoteli iliyozoea wageni mia mbili haina muda wa kusimama pembeni.

Lakini kitu kipya hakijajulikana tabia. Siku ile ile ya kwanza mama aliingia bafuni kutia udhu wa alasiri, akafunga mlango, na alipotaka kutoka kitasa kikamtoka mkononi. Tukabaki sisi tuna nusu ya kitasa huku na yeye ana nusu kule. Mapokezi walipiga simu kwa fundi, fundi kumbe ni yule wa mkandarasi na ameshaondoka kwenda mjini. Mwisho akaja mhudumu wa mgahawa na kisu cha siagi, akachokonoa, mlango ukafunguka. Mama alikuwa amekaa juu ya kifuniko cha choo, ameshamaliza udhu, anavuta uradi. Akatuambia, "Nyumba ya watu bado haijaamua kama ni nyumba."

Vidogo vidogo vya namna hiyo vilikuwa vingi. Jengo la pili lilikuwa halijakwisha, kwa hiyo saa moja asubuhi msumeno wa vigae. Mmoja alituambia dera linaruhusiwa bwawani, mwengine akaja kumtoa binti yangu wa miaka 12 kwa sababu ya dera hilo hilo. Ilibidi aitwe meneja, naye akasema nguo yoyote iliyotengenezwa kwa ajili ya kuogelea inakubalika, ya stara au isiyo ya stara, ila pamba hapana, inachafua chujio. Jibu zuri, lingekuwa zuri zaidi kabla mtoto hajalia mbele za watu. Kama una mabinti, uliza kabla, na ubebe nguo za kuogelea za stara.

Na kuna kivuli, ambacho hakuna anayekipiga picha. Mimea ya hoteli mpya imepandwa jana. Minazi yao ilikuwa imefungwa miti ya kuishikilia, kila mnazi na makuti yake matano, ukikaa chini unapata kivuli cha upana wa mkono. Miavuli ilikuwa kumi na mbili na wageni wenye taulo zao wanaamka alfajiri kuiwahi. Kuanzia saa tano mpaka saa tisa tulikuwa zaidi watu wa chumbani. Fikiria unalipa pesa za ufukwe halafu unaangalia katuni kwenye televisheni.

Jambiani, mbele ya ile nyumba, kulikuwa na mti mmoja mkubwa wa mkungu na mivinje mitatu. Mama aliweka mkeka chini ya mkungu saa tatu asubuhi na hakuhama mpaka magharibi. Tulikuwa tunauvuta mkeka tu kufuata kivuli kinavyozunguka mti, kama saa.

Bwawa, na mtoto wa miaka mitatu

Hapa hoteli inaishinda nyumba, na inashinda sana. Maji yakipwa, bwawa lipo. Mtoto wa miaka 7 alijifunza kuelea ndani ya siku mbili, jambo ambalo baharini tumelihangaikia mwaka mzima.

Ila bwawa hilo halikuwa na uzio, na kina kilikuwa hakijaandikwa pembeni. Vigae vyeupe, maji ya buluu, kwa jicho la mtoto kote ni sawasawa. Sehemu ya watoto inaishia kwenye ngazi moja, na chini ya ngazi ile hata mimi nafikiwa kifuani. Kijana wa uokoaji alikuwepo, mzuri, lakini saa saba anakwenda kula na hakuna wa kumpokea. Kwa hiyo mimi na mume wangu tulipeana zamu kama walinzi, na mapumziko yenyewe nikayaona nusu.

Jambiani hakuna bwawa. Maji yakijaa, yule mdogo anakaa kwenye maji ya magotini na hakuna ngazi ya kumdanganya. Yakipwa, ndipo kazi inapoanza, na mimi sikutegemea.

Asubuhi ya pili tulitoka na akina mama wa mwani. Kilimo cha mwani kilianza pwani hizi mwaka 1989, na mpaka leo wengi wanaokifanya ni wanawake: wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba, kamba zinafungwa kwenye vijiti vilivyochomekwa mchangani, bamvua likija wanakwenda kuvuna na kufunga upya. Mmoja wao, mtu mzima kama mama yangu, alimpa binti yangu kamba na akamwonesha fundo. Binti alifunga vipande kumi na moja. Mwenzake wa miaka 7 alikuwa ameinama juu ya tundu la pweza na kijana mmoja aliyeshika fimbo ya chuma, wamenyamaza wote wawili. Pweza hakutoka, lakini mpaka leo akichora bahari anachora tundu.

Viatu vya plastiki ni lazima, kila mtu, hata baba. Wale wadudu wa miiba mirefu myeusi wanakaa chini ya mawe na hawana huruma. Na geuka kurudi mapema: maji ya kule yanakuja polepole, lakini yanaingia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako.

Ubovu wa nyumba ya kupanga

Umeme ulikatika saa mbili usiku na nyumba haina jenereta. Umeme wa Unguja unatoka bara kwa nyaya za chini ya bahari, na sisi tuliokuwepo tunaikumbuka ile miezi mitatu ya giza kuanzia Disemba 2009. Saa tatu za joto si kitu, lakini kwa mtoto mdogo na mbu ni usiku mrefu. Hoteli jenereta liliwaka kabla sijamaliza kusema "umekatika."

Tangi la maji nalo liliisha wakati wa magharibi, watu sita tunatia udhu na watoto wana mchanga mpaka masikioni. Msimamizi alikuja na kijana wa pampu, ikachukua nusu saa. Maji yenyewe yana chumvi kidogo, sabuni haitoi povu. Chumba kimoja kati ya vitatu hakikuwa na kiyoyozi, feni tu, na chandarua chake kilikuwa na tundu nikaliziba kwa kibanio cha nywele.

Mapapasi, wale vijana wanaowaganda wageni kwa biashara, wapo kote. Ukiwasemesha Kiswahili cha hapa wanakuacha. Ukijifanya mgeni, shauri yako.

Kula

Hotelini tulichukua chumba pamoja na chai ya asubuhi na chakula cha usiku. Cha kujipakulia, kingi, watoto walifurahi kwa vile chipsi hazikwishi. Samaki alikuwa mkavu, mchuzi wa nazi uliogopa chumvi. Mchana unajilipia, na hapo ndipo pesa inapotoka: piza, juisi za watoto, chupa za maji, kahawa ya mume wangu, kila kitu kinaandikwa chumba namba fulani na wewe unaona jumla siku ya kuondoka. Baa iko hatua chache kutoka vyumba vya familia. Nyama ni halali, niliuliza jikoni, lakini kama hutaki watoto wakae karibu na ulevi, omba chumba cha upande wa pili kabla hujalipa.

Jambiani msimamizi alituletea mama mmoja wa jirani wa kupika. Saa moja asubuhi ananunua samaki kwa wavuvi wanaorudi, saa mbili tunakunywa chai na boflo na mkate wa kumimina alioupika mwenyewe usiku. Mchana wali wa nazi, changu wa kukaanga, mchuzi wa pweza ambao mume wangu anautaja mpaka leo mbele yangu bila kuona haya. Sikuingia jikoni hata mara moja. Hili nalisisitiza kwa sababu mdogo wangu anadhani nyumba ya kupanga maana yake ni kwenda kupika kwa watu badala ya kwako. Mlipe mpishi, usibane hapo.

Hesabu yetu

Hoteli haikukubali watu sita chumba kimoja, tukachukua viwili, kila kimoja 380,000 kwa usiku, bei ya mkaazi. Siku mbili 1,520,000. Ziada za mchana na vinywaji 310,000. Gari ya kutupeleka na kuturudisha 120,000. Jumla 1,950,000.

Nyumba ya vyumba vitatu 240,000 kwa usiku, siku mbili 480,000. Soko na samaki 210,000, mpishi 60,000, gari 100,000. Jumla 850,000.

Tofauti ni milioni moja na laki moja. Kwa pesa hiyo mdogo wangu anakaa Jambiani siku mbili nyingine na bado anawapeleka watoto msitu wa Jozani kuona kima punju, ambako ni njiani kabisa. Bei ya mkaazi usisubiri upewe, iulize kwa jina lake na uwe na kitambulisho mkononi. Kuna hoteli mapokezi yao wanasahau kuitaja. Uliza pia kama kodi ya miundombinu, inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, imo ndani ya bei au itakuja mwisho. Kama mnafuatana na jamaa wa kigeni kutoka nje, kuna na bima ya lazima ya dola 44 iliyoanza Oktoba 2024, hiyo hailipwi hotelini, inalipwa kabla ya kuingia.

Wasio na mizigo wanaweza kupanda daladala, 116 ya Nungwi au 309 ya Jambiani. Na bibi na mtoto mdogo, mimi sipandi.

Mtoto akipata homa usiku: Jambiani, hospitali ya Makunduchi iko karibu. Nungwi unarudi mpaka Kivunge. Weka dawa ya homa kwenye mkoba, usitegemee duka.

Basi aende wapi?

Kama mnakuja siku mbili tu, mtoto mkubwa hajafika miaka 6, na mama wa nyumba amechoka kiasi kwamba hata kusema "leo tule nini" hawezi, mnakwenda hotelini, Kendwa au Nungwi, na pesa iliyozidi ni bei ya kutofikiri. Siichezei, kuna mwaka inahitajika.

Kama kuna bibi au babu, au watoto wameshaanza kuuliza maswali, au mnakaa siku tatu na kuendelea, mnakwenda Jambiani, mkiweza siku za maji mafu, yaani yasiyo ya bamvua, kama zile za Mfunguo Tatu. Mama yangu nilipomuuliza angependa kurudi wapi alinijibu kwa swali: "Ule mkungu bado upo?"

Ya tatu ni kungoja. Hoteli mpya mimi naipa msimu mmoja, vitasa vishike, msumeno unyamaze, wafanyakazi wakubaliane kuhusu dera. Bei ya ufunguzi utaikosa, hilo kweli. Lakini kuna Aprili na Mei, masika, bei zinashuka, na mvua ikinyesha asubuhi mara nyingi mchana jua lipo. Baadhi ya hoteli hufunga kabisa miezi hiyo, kwa hiyo piga simu kwanza.

Mdogo wangu aliniuliza na kuhusu Pemba. Vumawimbi ni ufukwe ambao hapa Unguja hatuna mfano wake, unapita msitu wa Ngezi ndipo unaufikia, lakini hakuna muuza barafu, hakuna kivuli cha kununua, na watoto wake wawili ni watoto wa Tabata. Mwaka mwengine.

Yeye bado picha ile imemkaa. Watoto wake wana miaka 2 na 5, anakuja Disemba, siku mbili, na amechoka, kwa hiyo siwezi kumkatalia kwa kanuni niliyoitoa mwenyewe. Nimemwambia alipe nusu tu kwanza. Aulize kama jengo lote limekwisha, kama bwawa lina uzio na mwokoaji ana mwenzake wa kumpokea saa ya chakula, na jenereta linabeba viyoyozi au taa peke yake. Na kabla hajatuma hiyo nusu, awaombe video ya ufukwe wao iliyochukuliwa saa saba mchana. Zile zote alizonitumia zimepigwa magharibi.